Chungu na Deni: Tarehe ya Khanawali wa Bombay

Waandishi wa tarehe hupenda kutueleza habari za waliojenga miji, na wakiisha kuwataja watawala, matajiri na wahandisi huwataja wafanyakazi kwa jumla, kama wanavyotajwa askari katika habari za vita. Walakini ni nadra kumkuta mwandishi aliyeuliza wafanyakazi hao walikula nini, walipikiwa na nani, na huyo aliyewapikia alibakiwa na nini baada ya vyombo kuoshwa. Swali hili laonekana dogo, lakini mtu akilifuata katika mji wa Bombay, ambao siku hizi waitwa Mumbai, litamfikisha kwa jamii ya wanawake waliolisha viwanda vya nguo kwa vizazi kadhaa pasipo kuandikwa jina katika daftari la kiwanda chochote, na ambao katika mwaka 1975 walianza kufanya jambo lililowatoa wengi wao mikononi mwa wakopeshaji. Kila anayesema leo kwamba mgahawa waweza kuwa njia ya kupunguza umaskini angefaa kuwajua wanawake hao kabla hajanunua meza na viti.

Aghalabu twadhani kwamba jiko hupunguza umaskini kwa kushibisha matumbo, ilhali njaa ya leo huondolewa na chakula cha leo, na umaskini ni hali ya mtu ambaye kesho yake imekwisha kuwekwa rehani. Jiko laweza kumshibisha mtu miaka ishirini na likamwacha pale pale lilipomkuta. Kwa hiyo anayetaka kulipima jiko hana budi kuuliza chungu ni cha nani na deni la mchele limeshikwa na nani. Na ili majibu ya Bombay yaeleweke thamani yake, yafaa kwanza tuyatazame majiko ya namna mbili yaliyotangulia, ambayo waanzilishi wake walikuwa watu wa nia njema.

Namna ya kwanza ni ile ya wakfu. Katika mji wa Baitul Mukaddas, mwaka 1552, Hurrem Sultan, mke wa Sultani Suleiman wa dola ya Uthmaniya, alianzisha majengo yenye msikiti, vyumba vya wakazi na wasafiri, na jiko kubwa la kuwapikia mafukara. Ili moto wa jiko hilo usizimike baada ya kufa kwake, aliliwekea wakfu mapato ya vijiji na mashamba katika nchi ya Sham, pamoja na ya maduka na hamamu, na mutawali akapewa amana ya kuyakusanya na kuyatumia kwa mujibu wa hati. Hati hiyo haikuacha jambo kwa bahati: asubuhi ipikwe supu ya mchele, jioni supu ya ngano iliyopondwa, kila mwenye haki apewe upawa mmoja na mkate wake, na katika usiku wa Ijumaa na wa Ramadhani upikwe wali wa nyama ya kondoo na wali mtamu wa asali na zafarani. Maskini wapatao mia nne walihesabiwa katika mgawo wa kila siku, mbali na watumishi na wakazi wa vyumba vile.

Wazee wetu wa pwani, waliozoea kuona minazi, visima na nyumba zikiwekwa wakfu kwa ajili ya misikiti na wasafiri, wasingeuona mpango huu kuwa mgeni. Busara yake ni kwamba sadaka haikutegemea mtoaji kuamka na moyo mweupe. Ilitegemea mali inayozaa, na ndiyo maana jiko hilo liliendelea kulisha watu kwa karne nyingi baada ya mwenye kuliweka kuwa mchanga. Kasoro yake yaonekana tukiwatazama watu wa pande zake mbili. Mkulima wa kijiji kilichowekwa wakfu hakuulizwa kama apenda ushuru wake uende huko, na fukara aliyepokea upawa wake asubuhi alirudi jioni kuupokea mwingine, na mwakani vivyo hivyo, kwa kuwa hapakuwa na neno katika hati lililokusudia kumtoa kwenye safu ile.

Namna ya pili ilizuka Ulaya, wakati viwanda vilipowajaza watu mijini wakiwa na ujira mdogo na wasiwe na jiko. Mwaka 1851 meya wa mji wa Grenoble katika Ufaransa, Frédéric Taulier, alianzisha jumuiya ya chakula ambamo mfanyakazi alinunua kwanza vibati vya malipo, kisha akavibadili kwa supu, nyama, mboga na mkate, ama akala hapo ama akabeba chakula kwake. Mwaka 1860 mfanyabiashara Thomas Corbett alifungua majiko ya namna hiyo katika mji wa Glasgow, vyakula vingi vikiuzwa peni moja kwa sahani, na ajabu iliyowashangaza wengi ni kwamba majiko hayo yalijilipia yenyewe, yaani hayakuomba msaada wa mtu baada ya kuanza. Fikra ikafika Whitechapel, mtaa wa mafukara wa London, na mwaka 1863 mwandishi Charles Dickens alikwenda kula huko mlo wa peni nne na nusu, akausifu kwa insafu, hata akasema kwamba klabu yake ya kibwana ilimtoza mara kumi na mbili ya bei hiyo kwa mlo ambao haukufikia nusu ya ule kwa ubora.

Pamoja na sifa hizo Dickens alikuwa na lalamiko moja, nalo ni kwamba walaji hawakuruhusiwa kununua bia. Msomaji wetu hatampigania kibarua wa London apate ulevi wake, lakini hoja iliyokaa chini ya lalamiko hilo yastahili kusikilizwa: mtu anayelipia chakula chake kwa pesa zake mwenyewe alikuwa bado akichaguliwa anachofaa kuteremshia tonge, kwa sababu wenye jiko walimwonea huruma na hawakumwamini. Jiko la Glasgow na la Whitechapel lilimpandisha maskini kutoka daraja ya mpokeaji hadi daraja ya mnunuzi, na hiyo ni heshima kubwa. Lakini mwenye chungu alibaki kuwa tajiri mwenye huruma, na wapishi wake walikuwa watumishi wa mshahara.

Sasa twende Bombay. Mwaka 1854 Mparsi mmoja aliyeitwa Cowasji Nanabhai Davar aliunda kampuni ya kusokota na kufuma pamba, na miaka miwili baadaye kiwanda chake kilianza kazi. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vya 1861 hadi 1865, vilipandisha bei ya pamba ya Bara Hindi na kuwatajirisha wafanyabiashara wa mji huo, na katika miaka iliyofuata viwanda viliota kimoja baada ya kingine hata sehemu nzima ya kisiwa ikaitwa Girangaon, yaani kijiji cha viwanda. Nguo zake zilivuka bahari mpaka kwetu. Kabla karne ile haijakwisha, marekani iliyofumwa Bombay ilikuwa ikiuzwa Unguja kwa wingi hata ikaisukuma pembeni ile iliyotoka Marekani kwenyewe, na hivyo katika nguo walizovaa babu zetu mlikuwa na jasho la watu wa Girangaon, na katika jasho hilo mlikuwa na chapati na dengu zilizopikwa na wanawake ambao ndio kusudi la makala haya.

Wafanyakazi wa viwanda hivyo walitoka zaidi katika pwani ya Konkan, hasa wilaya ya Ratnagiri, na katika nyanda za nyuma ya milima, kama vile Satara. Walikuja wanaume peke yao, wake na wazee wakabaki kijijini kulima kipande cha ardhi ambacho hakikutosha kulisha watu wala hakikustahili kuachwa. Mjini walikaa katika majumba marefu ya ghorofa yaitwayo chawl, yenye vyumba vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, baraza moja mbele, na bomba na choo cha kushirikiana mwishoni. Chumba kimoja kilikodiwa na wanaume wengi wa kijiji kimoja, na kwa kuwa kiwanda kilikwenda kwa zamu, aliyetoka zamu ya usiku alilala penye mkeka ambao mwenzake ndiyo kwanza ameondoka. Katika chumba cha namna hiyo hapana pa kuweka jiko, na mtu aliyesimama mbele ya mitambo kutwa nzima hana nguvu za kukoroga sufuria.

Hapo ndipo alipotokea khanawali, mwanamke mwenye kuwapikia wanaume hao kwa malipo ya mwezi. Aghalabu alikuwa mjane, au mke wa mtu aliyeugua mapafu kwa vumbi la pamba, au aliyeachwa, au aliyefukuzwa kiwandani wakati kazi za wanawake zilipopunguzwa. Na mtaji wake haukuwa zaidi ya chumba kimoja, vyungu kadhaa, na ujuzi ambao kila mtu alimwona anao kwa kuzaliwa na kwa hiyo hakuna aliyeuthamini. Walaji wake walikuwa kumi, au ishirini, au zaidi, kwa kadiri ya nafasi ya sakafu na nguvu za mikono yake.

Siku yake ilianza kiasi cha saa kumi alfajiri, kwa sababu maji ya bomba yalitoka kwa saa chache tu na foleni ya ndoo haikumngoja mtu. Akiisha kujaza mapipa aliwasha jiko la mafuta ya taa, akainjika dengu, akakanda unga na kukaanga chapati moja baada ya moja hata zikawa mrundo uliofunikwa kwa kitambaa, au mikate minene ya mtama ambayo watu wa bara waliipenda kuliko ngano. Watu wa zamu ya asubuhi walikula wameketi sakafuni kwa safu, wengine wakabebewa chakula katika makopo ya bati yaliyopandanishwa mpaka penye lango la kiwanda. Hajamaliza kuosha vyombo vyao, wa zamu ya mchana walikuwa wamefika. Na wa zamu ya usiku walipokula na kuondoka, ilikuwa wakati wa kuchagua mchele wa kesho na kutoa mawe yake. Mtu wa Konkan alitaka samaki na wali, mtu wa Satara alitaka mikate na pilipili ya kitunguu saumu, na khanawali aliyetaka kudumu na wateja wake aliyajua matumbo yao kama anavyoyajua ya wanawe. Wanawe wenyewe walilala pembeni mwa chumba hicho hicho, katikati ya moshi na hesabu.

Hesabu ndiyo iliyomshinda. Wanaume walilipwa mwisho wa mwezi, nao walimlipa baada ya kupokea. Yeye alihitaji mchele, unga, mafuta na viungo kuanzia siku ya kwanza. Katika muda huo wa siku thelathini aliishi kwa mkopo wa mwenye duka, ambaye alimwandikia katika daftari bei iliyo juu kuliko ya anayelipa taslimu, akampimia mchele wa chini, na juu ya hayo akamwekea riba. Na mahali ambapo duka lilikataa, palikuwa na mkopeshaji aliyeshika bangili zake, au vyungu vyenyewe, kuwa rehani. Mlaji akihama usiku na deni lake, khanawali ndiye aliyelibeba. Akiugua wiki mbili, walaji walitafuta jiko jingine. Basi alikuwa mfanyabiashara ambaye faida yake yote iliingia katika duka la mwingine kabla hajaiona, na mtu aliyemwona akipokea pesa za watu ishirini mwisho wa mwezi angeweza kumdhania kuwa na nafasi, ilhali pesa hizo zilikuwa zimekwisha kugawanywa zamani.

Hali hiyo iliendelea kwa muda mrefu bila kumshughulisha mtu. Serikali haikumwona, kwa kuwa hakuwa na leseni. Kiwanda hakikumwona, kwa kuwa hakuwa kibarua wake. Na vyama vya wafanyakazi, ambavyo wanachama wake walikula mkononi mwake kila siku, navyo havikumwona, kwa kuwa kupika kulihesabiwa kuwa shughuli ya nyumbani. Aliyemwona ni Prema Purao, mwanamke wa asili ya Goa ambaye katika ujana wake alishiriki katika harakati za kuuondoa utawala wa Wareno huko kwao, kisha akahamia Bombay na kufanya kazi katika vyama vya wafanyakazi vya mrengo wa kushoto. Katika mgomo wa viwanda vya nguo wa miaka ya mwanzo ya 1970 alitambua jambo ambalo wenzake walilipita: wagomaji walisimama imara kwa wiki nyingi bila mshahara kwa sababu khanawali waliendelea kuwalisha kwa deni, na wao wakazidi kuzama kwa wenye maduka. Hotuba zote zilikuwa za wanaume, na gharama yote ya ushujaa wao ilikuwa imeandikwa katika daftari za wanawake.

Wakati huo ulikuwa na nafasi ambayo haikuwako kabla. Tarehe 19 Julai 1969 serikali ya Indira Gandhi ilikuwa imezitaifisha benki kubwa 14, na mwaka 1972 ukatangazwa mpango wa kuwakopesha maskini kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ukiilinganisha na riba ya mkopeshaji wa mtaani ni kama hakuna. Lakini mpango ulioandikwa ni kitu kimoja, na mwanamke asiyejua kusoma kuingia benki ni kitu kingine. Hakuwa na dhamana, hakuwa na hati ya nyumba, hakujua kutia sahihi, na karani hakuwa na sanduku katika fomu yake la kazi iitwayo kuwapikia watu chumbani. Purao, ambaye mumewe alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa benki na kwa hiyo aliijua lugha ya watu hao, alifanya kazi ya mkalimani baina ya pande mbili ambazo hazikuwa zimewahi kukutana.

Mwaka 1975 kikaundwa chama kilichoitwa Annapurna Mahila Mandal, kwa jina la mungu wa kike wa Wahindu anayehusishwa na chakula, na kundi lake la kwanza lilikuwa la wanawake 14. Badala ya nyumba au dhahabu, dhamana waliyoitoa ilikuwa ya wao kwa wao: majirani wa mtaa mmoja, wanaojuana tabia na jiko, walisimama pamoja mbele ya benki hata aliyeshindwa akawa amewaaibisha na kuwaelemea wenzake. Twaifahamu nguvu ya mpango huo sisi tuliozoea upatu, ambao huendeshwa kwa staha na haya zaidi kuliko kwa sheria. Mkopo wenyewe ulikuwa mdogo, lakini ulikuja mwanzoni mwa mwezi, na katika jambo hilo ndimo mlimokuwa na siri yote. Mwenye taslimu mkononi hununua gunia badala ya kupimiwa kibaba, huchagua duka, hukataa mchele wenye mawe. Na tofauti ya bei, ambayo zamani ilikwenda kwa mkopeshaji, ilianza kubaki chunguni kwake. Hakupika zaidi ya jana wala hakuuza kwa bei ya juu. Kilichobadilika ni yule aliyeshika deni lake.

Kutoka hapo chama kilikwenda mbele kwa hatua ambazo kila moja ilizaliwa na shida ya iliyotangulia. Wanawake waliokutana kwa ajili ya marejesho ya mkopo walianza kuzungumza habari za waume wanaowapiga, za magonjwa, za watoto wasiosoma, na chama kikajikuta kikitoa ushauri wa sheria na hifadhi pamoja na fedha. Waliokuwa wamezoea kulisha watu ishirini walifundishwa kupika kwa mamia, na majiko ya pamoja yakaanzishwa yaliyopokea oda za ofisi na shughuli za watu. Upande wa pili wa ghuba, huko Vashi, pakajengwa kituo cha mafunzo na malazi ya wanawake. Mwaka 1993 binti ya Purao, Medha Purao-Samant, ambaye alikuwa ameajiriwa benki, alianzisha kazi kama hiyo katika mji wa Pune, akianza na wanawake wauza mboga.

Annapurna hakikuwa peke yake katika mji huo. Tarehe 15 Machi 1959 wanawake saba wa mtaa wa Girgaum walipanda juu ya paa la nyumba yao na rupia 80 za kukopa, wakatengeneza papadi pakiti nne za kuuza. Shirika lao, Lijjat, limekuwa kubwa na kuwaajiri maelfu, na kanuni yake ni kwamba kila mwanamke anayesukuma papadi ni mmiliki mwenye fungu katika faida na katika hasara. Khanawali na wasukuma papadi walikuwa na kazi mbalimbali, lakini wote walikuwa wamelitoa jiko katika mikono ya mfadhili.

Insafu yatutaka tueleze pia pigo lililoukuta mpango huu. Tarehe 18 Januari 1982 wafanyakazi wa viwanda vya nguo wapatao laki mbili na nusu waliacha kazi chini ya uongozi wa Datta Samant, na mgomo huo, ambao haukupata kutangazwa rasmi kuwa umekwisha, ulikuwa ndio mwanzo wa kufa kwa viwanda vya Girangaon. Maelfu walirudi kwao Konkan na Satara wasirejee, na viwanja vya viwanda vikageuzwa baadaye kuwa majumba ya ofisi na maduka ya fahari. Khanawali aliyekuwa amejikomboa katika deni la mwenye duka alijikuta ana chungu chake, ana mchele wa taslimu, na hana mlaji. Hapo palidhihirika udhaifu ambao mkopo wa riba nafuu hauwezi kuutibu, kwamba mteja wa maskini naye ni maskini, na wote wawili hutegemea lango la kiwanda kimoja. Waliosalimika kwa wepesi zaidi ni wale waliokuwa wamekwisha kuingia katika majiko ya pamoja yenye wateja wa namna nyingine, kwa kuwa waliweza kuhama kutoka kwa mvuja jasho wa kiwandani hadi kwa karani wa ofisini pasipo kubadili ufundi wao.

Tangu wakati huo dunia imeona migahawa mingi yenye kusudi la kijamii. Mwaka 1999 Jimmy Pham alianzisha Hanoi kazi ya KOTO, inayowafundisha vijana wa mitaani upishi na uhudumu; mwaka 2002 mpishi Jamie Oliver alifungua London mgahawa wa Fifteen, uliochukua vijana wasio na kazi na kuwafanya wapishi; na mwaka 2013 serikali ya jimbo la Tamil Nadu ilifungua mjini Chennai migahawa ambapo idli moja, yaani mkate mdogo wa mchele, huuzwa rupia moja na wapishi ni wanawake wa vikundi vya kujisaidia. Kila mmoja una fadhila zake. Walakini ule wa London ulifungwa mwaka 2019 kampuni ya mwenye mgahawa ilipoanguka, na idli ya Chennai yashikiliwa na ruzuku, hata msomaji wa tarehe haoni taabu kutambua kwamba katika wa kwanza kuna harufu ya Whitechapel na katika wa pili ya wakfu wa Hurrem: chungu ni cha mwingine, na siku mwenye chungu akichoka au akifilisika, wapishi hutoka nje pamoja na walaji.

Na kwetu je? Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 1968, mama ntilie walikuwa hawako mbali na lango lake, kama walivyokuwako bandarini na Kariakoo, na hali yao haikutofautiana sana na ya dada zao wa Girangaon. Mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi iliwahesabu wengi wao pamoja na wazururaji, wakakimbizwa na masufuria yao. Mwaka 2018 serikali iliwapa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na mwaka huo huo sheria ikazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili taratibu zake zirekebishwe, ikaanza tena mwaka uliofuata. Katika kipindi hicho, na kabla yake, na hata sasa, mama lishe aliyekosa mtaji wa asubuhi amekuwa akienda kwa wakopeshaji wa mikopo ambayo mtaani yaitwa kausha damu, ambayo marejesho yake hudaiwa kila siku, na dhamana yake huwa ni jiko la gesi, kitanda au televisheni ya nyumbani kwake.

Kwa hiyo anayetaka kumsaidia mama lishe kwa njia ya mgahawa wa kijamii, awe ni halmashauri, msikiti, kanisa au kijana aliyerudi kutoka masomoni na michoro mizuri ya jengo, asianze kwa jengo. Na aanze kwa kuuliza mchele wa kesho utanunuliwa kwa pesa za nani na kwa masharti gani; akiisha kulijibu hilo kwa mkopo wa mwanzo wa mwezi na gunia la bei ya jumla, awaache wapishi wawe na fungu katika chungu, faida yake na hasara yake; kisha awasaidie kupata walaji wa aina zaidi ya moja, ili lango moja likifungwa wasifungwe nalo. Khanawali wa Bombay waliyajua mawili ya mwanzo katika mwaka 1975, na la tatu walifundishwa na mwaka 1982 kwa gharama kubwa mno, na sisi hatuna udhuru wa kujifunza kwa gharama ile ile.